Siku Moja ya Bahari Bagamoyo, na Dumu la Bibi

Likizo ya Desemba inakaribia na simu za ndugu zimeanza. “Shangazi, shikamoo. Mwaka huu tunakuja tena baharini?” Wanaouliza ni watoto wa kaka yangu wanaoishi Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora, kijiji nilikozaliwa mimi pia. Kwa mtoto wa Lusu, bahari ni kitu cha kwenye kitabu cha shule na kwenye televisheni. Maji anayoyajua ni ya kisima, ya lambo, na ya mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambayo hujaa mvua zikianza.

Mwaka jana niliwakubalia, tukaenda kushinda siku moja Bagamoyo. Kabla sijawajibu mwaka huu, nataka niwasimulie wazazi wenzangu siku ile, kwa sababu nusura irudi na msiba, na mimi daktari nilikuwepo palepale. Ushauri mwingi katika safu hii nimeutoa nikiwa nimekaa kwenye kiti. Huu wa leo niliupata nikiwa nimesimama ndani ya maji na nguo zangu zote.

Njia ya mababu

Walikuja wifi yangu, mdogo wangu wa kiume, na watoto wanne: kijana wa miaka 15, binti wa miaka 12 mwenye ualbino, na pacha wa miaka 8, ambao kama pacha wengi wa kwetu wanaitwa Kulwa na Doto. Mama yangu, bibi yao, alibaki nyumbani. Yeye alituma dumu tupu la lita 5, akasisitiza lirudi limejaa maji ya bahari. Kwetu bara wazee wengi wanaamini maji ya chumvi ni dawa. Tutalirudia dumu hilo.

Walipanda basi kutoka Nzega hadi Dodoma, kisha treni ya SGR hadi Dar es Salaam. Usiku wao wa kwanza niliwaeleza watoto kwamba mababu zao Wanyamwezi waliifuata njia ya pwani kwa miguu, wakiwa wamejitwisha meno ya tembo, na kwamba msafara kati ya Tabora na Bagamoyo ulichukua miezi mitatu hivi. Wengi hawakufika. Ndui, kuhara na njaa viliwamaliza njiani. Ndui leo haipo tena. Chanjo iliifuta, na mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba imekwisha. Lakini kuhara na homa bado vinasafiri pamoja nasi, hata tukipanda treni ya umeme.

Kwa hiyo mzazi unayesafiri na watoto likizo hii, anza na haya:

Kwanza, dawa za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililofungiwa kwenye buti la basi. Mtoto mwenye selimundu, pumu, kisukari au kifafa asikose dozi kwa sababu begi liko mbali. Mwenye selimundu anywe maji ya kutosha njia nzima na asipigwe na baridi, maana kiu na baridi vyote vinaweza kumwanzishia maumivu makali.

Pili, Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini. Mtoto akipata homa akiwa Dar es Salaam au kwingineko, mweleze mtoa huduma kwamba mmetoka Tabora na lini. Usiseme ni uchovu wa safari. Mpeleke akapimwe siku hiyohiyo.

Tatu, anayetapika kwenye gari apewe chakula chepesi kabla ya safari, akae mbele, aangalie mbali nje na asichezee simu. Usimpe mtoto dawa za kumlaza usingizi kwa kubahatisha.

Jua la kaskazi

Tuliingia Bagamoyo asubuhi, saa 3 kasoro. Tulianza na Mji Mkongwe, tukapita kwenye jengo la zamani walikofikia wapagazi wa misafara. Kulwa aliuliza kama na wao walikuwa wakioga baharini wakishafika. Nilimwambia nadhani hilo ndilo lililokuwa jambo la kwanza. Wapo wanaosema jina la mji huu linatokana na kubwaga moyo, yaani kutua mzigo na kupumzika.

Desemba ni msimu wa kaskazi. Jua linawaka, unyevu ni mwingi hewani, na jasho halikauki mwilini. Mtoto aliyezoea joto kavu la Tabora huchoka haraka bila mwenyewe kujua sababu.

Wa kwanza kushughulikiwa alikuwa binti yetu mwenye ualbino. Ngozi yake ina upungufu wa melanini, ile rangi ya asili inayotukinga na mionzi ya jua. Kuungua kwa jua kwa siku moja kunamletea maumivu na malengelenge. Kuungua kwa miaka mingi kunaleta saratani ya ngozi, tena akiwa bado kijana. Nimewaona wagonjwa wa namna hiyo wodini, na karibu wote wangeweza kukingwa.

Alivaa blauzi ya mikono mirefu yenye kitambaa kizito, suruali, kofia pana inayofunika hadi masikio na shingo, na miwani ya jua. Usoni, mikononi na miguuni alipaka losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi, nusu saa kabla ya kutoka, akarudia kila baada ya saa 2 na kila alipotoka kwenye maji. Losheni ya aina hiyo hutengenezwa hapa nchini pia, pale KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia katika hospitali ya wilaya yako au kupitia chama cha watu wenye ualbino. Losheni si kibali cha kushinda juani. Kinga kubwa ni nguo na kivuli, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tusijidanganye. Melanini yetu inapunguza kuungua. Haizuii mwili kupata joto kupita kiasi. Mpe mtoto maji mara kwa mara hata kama hajaomba. Dafu linafaa kama kinywaji, lakini mtoto akiharisha anahitaji ORS iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na vidonge vya zinki. Mtoto akilalamika kichwa, akikosa nguvu, akikojoa mkojo kidogo wa njano iliyokolea, mtoe juani, mlegeze nguo na mnyweshe maji. Akianza kuchanganyikiwa, kudegedega au kupoteza fahamu huku mwili ukichemka, hiyo ni dharura: mmwagie maji, mpepee, na mkimbize hospitali huku ukiendelea kumpoza. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Maji yakipwa, maji yakijaa

Tulipofika ufukweni, saa 4 hivi, watoto walipigwa na butwaa: bahari haikuwepo. Palikuwa na mchanga, tope, ngalawa zimelala ubavu, na maji kwa mbali kama mstari. Ilikuwa siku ya bamvua, mwezi mpevu ulikuwa umetoka jana yake, na maji yalikuwa yamekupwa kabisa.

Hapa ndipo sisi wa bara tunapokosea. Lambo la Lusu ukiliacha asubuhi, jioni unalikuta mahali palepale. Bahari haiko hivyo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6, na kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji katika pwani yetu yanaweza kupanda zaidi ya mita 3. Nazo siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti huwa ndogo.

Maji yakirudi hayaji kwa kishindo kutoka mbele. Huingia kwanza kwenye mabonde ya mchanga, nyuma ya mgongo wako, wakati wewe umesimama kwenye fungu lililo kavu ukiokota makombe. Ukigeuka kurudi, pale ulipopita maji yakiwa ya kifundo cha mguu, sasa ni ya kiuno. Kwa mtoto wa miaka 8, ni ya shingo.

Haya yote mvuvi yeyote wa Bagamoyo angetueleza bure kama tungemuuliza swali moja: “Leo maji yanajaa saa ngapi?” Hatukuuliza.

“Mama, yule mtoto hachezi”

Ilikuwa saa 8 mchana. Watoto walikuwa wameshakula embe, wamecheza mpira, wamekimbizana na kaa. Mimi nilikuwa napakua pilau chini ya kivuli. Wifi alikuwa akimpaka losheni binti yake. Mdogo wangu alikuwa akipiga picha za majahazi kwa simu. Kijana wetu mkubwa alikuwa ameenda kununua soda. Pacha walikuwa kwenye maji, hatua kama 40 kutoka kwetu.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi karibu nasi, anatengeneza wavu. Aliinua kichwa, akatazama baharini, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: “Mama, yule mtoto hachezi.”

Nilitazama. Kulwa alikuwa amesimama kwenye fungu, anacheka. Doto alikuwa mbele yake kidogo, ameteremkia kwenye bonde. Nilichokiona ni kichwa tu, kimeinamishwa nyuma, mdomo uko sawasawa na maji, unazama na kuibuka. Hakuita, hakupunga mkono. Kulwa alidhani mwenzake anamfanyia mzaha.

Mzee yule alikuwa ameshasimama. Aliliona dumu la bibi juu ya mchanga, akalichota maji kidogo, akakaza kifuniko, akalifunga kwenye kamba yake na kuingia nalo hadi kiunoni. Alilirusha. Mara ya kwanza lilipita pembeni. Mara ya pili liliangukia kifuani mwa Doto, akalikumbatia. Mzee akavuta kamba. Mimi nilifika nikiwa nimeng’ang’ania mwiko.

Kuanzia neno la yule mzee hadi Doto kukanyaga mchanga haikupita dakika mbili. Kama asingeinua kichwa, dakika hizo mbili zingetosha kwa jambo jingine.

Doto alikohoa, akatapika maji, akalia. Kilio kile kilikuwa sauti tamu kuliko zote nilizopata kusikia katika kazi yangu. Kisha wifi akaniangalia, akasema polepole: “Wifi, mimi nilijua wewe ndiye unayemwangalia.” Nikamjibu ukweli: “Na mimi nilijua ni wewe.”

Mfa maji hutapatapa kimya

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na sisi tukajenga picha ya mtu anayepiga kelele na kurusha mikono. Watoto wengi hawazami hivyo. Mdomo ulio usawa wa maji hauna nafasi ya kuita. Kila unapoibuka, mtoto anatafuta pumzi, si neno. Mikono haipungi, inakandamiza maji kwa pande mbili kana kwamba anapanda ngazi. Kutapatapa kupo, lakini kuko chini ya maji, na wewe uliye ufukweni huoni.

Jifunze dalili hizi: kichwa kimeinama nyuma na mdomo wazi usawa wa maji, macho yametoka au hayatazami kitu, nywele au kofia imefunika uso naye haiondoi, mwili umesimama wima, haogelei kwenda popote, na kubwa kuliko zote, mtoto aliyekuwa akipiga kelele amenyamaza. Mwite. Asipojibu, usisubiri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5, na zaidi ya tisa katika kila kumi waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Wengi hawakufia baharini. Walifia kwenye mito, mabwawa, visima na madimbwi ya karibu na nyumbani.

Katika miji midogo ya pwani ya Italia, watu wanapofurika baharini wakati wa kiangazi chao, utamkuta mwokoaji ameketi kwenye kiti kirefu, na bendera nyekundu ikipandishwa kila mtu anajua bahari ni ya hatari. Fukwe zetu nyingi hazina kiti hicho. Basi kiti ni chako, mzazi. Na kosa letu siku ile halikuwa kukosa watu wazima. Tulikuwa watatu, na kila mmoja aliamini jicho la mwenzake.

Baada ya siku ile familia yetu ina sheria ya kofia nyekundu. Watoto wakiwa majini, mtu mzima mmoja anavaa kofia. Anayeivaa hashiki simu, hapiki, hasomi, hanywi pombe. Kazi yake ni kutazama na kuhesabu vichwa. Baada ya nusu saa anamkabidhi mwingine, na anayepokea anatamka kwa sauti: “Sasa ni mimi.” Asipopatikana wa kupokea, watoto wanatoka majini. Mtoto wa chini ya miaka 5 awe umbali wa mkono wako, uweze kumshika bila kupiga hatua. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima wa kwake peke yake. Vifaa vya kuchezea vinavyojazwa upepo visikupe imani. Upepo wa nchi kavu unaweza kuvisukuma mbali na ufukwe vikiwa na mtoto juu.

Ukikuta mtu anazama

Usijitose bila kufikiri, hata kama ni mwanao. Anayezama humkamata anayemwokoa na kumzamisha, na familia nyingi zimezika wawili badala ya mmoja. Fuata utaratibu wa yule mzee: ita watu kwa sauti, mfikie kwa kitu kirefu kama ni karibu (fito, kasia, kanga iliyofungwa fundo), au mrushie kitu kinachoelea. Dumu tupu lililofungwa vizuri linatosha kushikilia kichwa cha mtoto juu ya maji. Maji kidogo ndani yake yanalipa uzito wa kuruka mbali. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, bila malipo.

Akishatolewa, angalia kama anapumua. Akipumua, mlaze ubavu, mvue nguo mbichi, mfunike na mpeleke hospitali.

Asipopumua, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, weka mdomo wako juu ya wake na mpulizie pumzi 5, ukitazama kifua kikipanda. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo pumzi ndiyo dawa ya kwanza. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua kwa kiganja kimoja au viwili kulingana na ukubwa wake, hadi kiingie theluthi moja ya unene wa kifua, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mikandamizo 30, pumzi 2, tena na tena, bila kuacha hadi apumue au msaada ufike.

Usimning’inize miguu juu. Usimkandamize tumbo ili atoe maji. Usimzungushe mabegani. Haya tumeyaona tangu utotoni, lakini yanapoteza muda na yanaweza kurudisha matapishi kwenye mapafu.

Na hata akiamka, akazungumza na kuomba soda, mpeleke hospitali. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye. Doto alisikilizwa mapafu, akapimwa oksijeni kwa kile kifaa kidogo cha kidoleni, akawekwa chini ya uangalizi hadi saa 3 usiku. Alikuwa salama. Mtoto anayeendelea kukohoa, anayehema haraka au anayesinzia kusiko kwa kawaida baada ya kunywa maji asilale nyumbani.

Mengine ya ufukweni

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu viumbe wa baharini. Mtoto akichomwa na konyeza, osha kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zake kwa kijiti au kadi, usisugue kwa mchanga wala usimkojolee. Kuloweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto yanayovumilika, kwa dakika 20 au zaidi, hupunguza maumivu. Jaribu maji hayo kwanza kwa mkono wako wewe mzazi. Maji ya moto husaidia pia kwa mwiba wa samaki taa, lakini jeraha la taa ni la hospitali: mwiba unaweza kubaki ndani, na chanjo ya pepopunda lazima iangaliwe. Viatu vya plastiki vinawakinga watoto na miiba, chupa na makombe. Akipata shida ya kupumua au akivimba uso baada ya kuchomwa na chochote, kimbia naye hospitali.

Kuhusu chakula, samaki na pweza waliokaangwa mbele yako wakiwa wa moto hawana tatizo. Samaki aliyeshinda juani bila barafu anaweza kukudhuru hata akikaangwa upya. Usimpe mtoto samaki bunju. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Vivyo hivyo nyama ya kasa. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kuila, na wengine wengi walilazwa.

Sasa maji ya bibi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Mtu akitaka kuoshea miguu yake, sina ugomvi naye. Lakini mtoto asinyweshwe maji hayo kwa kusafisha tumbo wala kwa sababu nyingine yoyote. Chumvi nyingi inaweza kumletea degedege na kifo. Wala yasimwagwe kwenye kidonda. Kidonda kinaoshwa kwa maji safi na sabuni.

Kijana wetu mkubwa aliniuliza swali zuri: “Shangazi, baharini kuna kichocho?” Hakuna. Konokono wanaobeba kichocho huishi kwenye maji yasiyo na chumvi, kama yale ya lambo la kwetu. Mtoto wa Lusu anayekojoa damu ameupata ugonjwa huo nyumbani. Apelekwe kituo cha afya, na dawa za kichocho zinazotolewa shuleni asizikwepe.

Dumu limerudi Lusu

Usiku ule, wifi alimpigia simu kaka yangu na kumweleza yote. Kaka alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: “Huko mmemwokoa kwa sababu palikuwa na mtu. Hapa kwenye mashimo hakuna mtu.”

Ni kweli. Mvua za Tabora huanza mwishoni mwa mwaka, na likizo ya Desemba inawakuta watoto nyumbani wakati wazazi wako shambani kuanzia alfajiri. Mashimo ya wachimbaji yanajaa. Kingo zake ni wima na zinateleza, hayana mahali pa kushika, na maji ya tope hayaonyeshi kina. Mtoto anayeingia kuogelea humo hana fungu la mchanga la kusimamia.

Kwa hiyo, mzazi wa Lusu, wa Nzega, wa Geita, wa popote penye mashimo na malambo: siku yako ya bahari iko nyumbani, na ni kila siku. Shimo lisilotumika lifukiwe. Lisilofukika lizungushiwe miiba na uongozi wa kijiji ujulishwe. Kisima kiwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuuinua. Ndoo na mabeseni yamwagwe maji baada ya kazi, maana mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Wakati wa kilimo, kaya tatu nne zikubaliane mtu mzima mmoja abaki na watoto wadogo wote, kwa zamu. Hiyo ndiyo kofia nyekundu ya kijijini.

Dumu la bibi lilijazwa jioni ileile. Mdogo wangu alilichota wakati sisi tuko hospitali. Bibi aliogea miguu yake hadi yakaisha, na anasema magoti yamepoa. Simbishii. Dumu lenyewe halikutupwa. Kaka amelifunga kamba ndefu na kulitundika kwenye mwembe ulio karibu na lambo, kifuniko kimekazwa, maji kidogo ndani. Doto ndiye anayewafundisha wenzake namna ya kulirusha, naye hulenga vizuri.

Simu ya mwaka huu nimeshaijibu. Nimewaambia waje. Safari hii tutaanza kwa kumtafuta yule mzee tumuulize saa za maji, na zamu ya kwanza ya kofia nyekundu ni yangu.